Vita vya Kusogeza Chombo Kilichotua Juu ya Maharage

Sogeeni, enyi wenye vidole sugu kwa kubofya na macho mekundu kwa kukodolea skrini. Sogeeni nanyi msiojua lolote la gemu ila kuwafokea watoto waizime. Zimeni simu. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Nawasimulia habari za Marjolaine Desrosiers, binti wa Trois-Rivières, Mjenzi wa Miji Isiyokaliwa, Malkia wa Wanakijiji Wasemao Neno Moja. Jinsi alivyoingia vitani na soksi zisizofanana, na jinsi alivyotoka na ushindi katika jiji la Montreal, majira ya theluji, siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana.

Katika ghorofa ya juu ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kushona makoti, palikuwa na kampuni ndogo iliyotengeneza gemu iitwayo Mwisho wa Anga. Ndani yake mchezaji alipewa chombo, mizinga, na nyota zisizo na idadi. Kati ya nyota hizo Marjolaine alikuwa amejenga makazi: vijiji vya wahamiaji chini ya makuba ya kioo, vyenye visima, bustani, masoko, na taa za njano madirishani. Kila bawaba ya kila mlango aliichora kwa mkono wake. Hata paka wa vijiji hivyo aliwapa majina. Na wachezaji walikuja, naam, walikuja kama nzige; wakatua, wakajaza mafuta, wakauza mawe yao ya thamani, wakaondoka bila hata kuzima injini. Wanakijiji wakawapungia mikono na kusema neno lao moja walilojaliwa: "Karibu, msafiri, nyota zikuangazie." Ukimkanyaga mguu, nyota zikuangazie. Ukimlipulia mkewe mbele ya macho yake, nyota zikuangazie.

Ndipo aliposimama Réjean Lachapelle, mwenye kampuni, Simba wa Mikutano, Kitambi Kitanguliacho, mtu asiyeweza kuagiza kahawa bila kuihutubia. Akapanda juu ya kiti katika jiko la ofisi, akanyoosha mkono kuelekea friji, akanena:

"Enyi watu wangu! Nawapenda kama wanangu, na wengine wenu zaidi, maana wanangu hawashiki wakati. Gemu yetu ina donda, na donda hilo ni makazi. Watu hawakai! Wanatua kama kunguru jalalani, wanadonoa, wanaruka. Alhamisi ya wiki ijayo nitawaita wachezaji wa mtaani waje waijaribu. Wakikaa katika makazi, makazi yataishi. Wasipokaa, nitayafyeka yote, na mahali pake nitasimika pampu za mafuta. Pampu haina kisima! Pampu haina paka!"

"Na mimi je?" akauliza Marjolaine.

Réjean akashuka kitini taratibu, sauti ikamshuka pamoja naye. "Wewe... tutaona, Marjolaine. Lakini pampu haihitaji mjenzi."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma.

Basi shujaa wetu akajifunga kibwebwe. Akavipa vijiji vyake chemchemi zenye kuimba. Akavipa tamasha la fataki. Akaongeza maduka sokoni, akawafundisha wanakijiji kucheza dansi kwa duara, wote mguu wa kushoto kwanza, kama askari walioonja pombe ya harusi. Kisha akamwita Wislande Estimé aje ajaribu. Huyu Wislande alikuwa mtunga programu, mtoto wa Wahaiti wa Montreal Kaskazini, Mfungua Mafundo ya Kompyuta, mwenye ulimi ambao hata bosi aliuzunguka kwa mbali. Wislande akashika kidude cha kuchezea, akatua, akatembea kijiji kizima, akapaa.

"Pazuri," akasema.

"Pazuri halafu?"

"Pazuri halafu nimeondoka, si umeona? Dada, usinikasirikie. Kijiji chako kama sebule ya shangazi yangu kule Longueuil. Sofa zote zimevikwa plastiki. Unasifia, unasimama mlangoni, unaaga."

"Kwa hiyo nitoe plastiki?"

"Mimi najuaje? Mimi wa programu. Plastiki yako, shangazi yako."

Marjolaine akarudi mezani pake, akala chipsi zilizomwagiwa mchuzi na jibini, zimepoa hadi jibini limegoma kukatika, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko chakula kile. Alianza kuwatazama wanakijiji wake kama mtu atazamavyo jamaa waliokaribia kufukuzwa nyumba nao hawajui.

Sasa sikilizeni jinsi msaada ulivyomjia kutoka mahali asipopatazamia, nao umeshika beleshi.

Jumanne asubuhi theluji ilikuwa imeufukia mji mpaka magari yakawa kama makaburi ya wafalme. Marjolaine, akitoka kumpeleka dada yake kituo cha basi, alizunguka mtaa wake akitafuta pa kuegesha kigari chake, akizunguka na kuzunguka tena kama roho isiyo na kaburi, hata akaona nafasi moja, safi, imekwanguliwa mpaka lami inang'aa kama sinia. Akashukuru mbingu. Akaingia. Hajafungua hata mkanda, mlango wa nyumba ya mbele ukalipuka, akatokea Madamu Fernande Cloutier, nguo ya kulalia imechomekwa ndani ya buti, beleshi begani kama mkuki.

"Wee! Wee mwenye kigari! Hiyo nafasi umeichimba wewe?"

"Samahani, Madamu, lakini barabara ni ya wote..."

"Barabara ni ya wote! Na theluji je? Theluji ilikuwa ya nani? Mbona sikukuona alfajiri nikichimba na mgongo wangu huu? Mwanangu anakuja kunipeleka hospitali, goti langu limevimba kama tikiti. Ataegesha wapi? Kichwani kwako?"

"Sikujua, Madamu."

"Ungejuaje? Unapita hapa kila siku umeinamisha kichwa kama mwizi wa kanisani, salamu huna! Ondoa hilo debe!"

Marjolaine akaliondoa hilo debe. Akaegesha mbali sana, akarudi kwa miguu, soksi zimelowa. Na mchana kutwa kazini hakufanya jambo ila kumjibu Madamu Cloutier kimoyomoyo, majibu makali, ya kukata na shoka, yaliyochelewa yote. Lakini jioni ilipoingia hasira ilikuwa imegeuka kitu kingine, akajikuta dukani akinunua pai ya sukari, kisha mlangoni akigonga.

"Umekuja kuegesha sebuleni?" akauliza Madamu Cloutier.

"Nimekuja kuuliza goti."

Yule mama akaitazama pai, akamtazama mleta pai. "Goti lipo. Ingia, unaniingizia baridi."

Akapewa supu ya njegere. Akasikia habari za mtaa mzima: nani alimwacha nani, mbwa wa nani anakojolea ngazi za nani, na marehemu bwana aliyeuchonga mwenyewe mpini wa beleshi lile. Kumbe Marjolaine alikuwa ameishi mtaa ule tangu ahamie mjini. Rangi ya kila mlango aliijua, jina la mtu hakulijua hata moja. Na wa kwanza kumfahamu ndiye huyu aliyemkosea. Kijiko kikasimama njiani kuelekea kinywani.

"Nini? Chumvi imezidi?"

"Hapana, Madamu. Nimewafikiria watu wangu. Hawana cha kuharibiwa, ndiyo maana wana adabu vile."

"Kama ni ndugu zako, waambie wapande kitu," akasema Madamu Cloutier, akamwongezea supu.

Kesho yake Marjolaine aliingia ofisini kama jemedari aliyeota ramani ya adui.

"Wislande! Nataka bibi mmoja mgomvi."

"Mbona unaye. Ninazeeka hapa hapa kwenye kiti hiki."

"Wa kwenye gemu. Nampa bustani ya maharage, palepale kwenye uwanja wazi ambapo kila mtu anatua. Chombo kikiyaponda, yapondeke kweli. Naye atoke, aje, amwambie."

"Amwambie nini?"

"Ukweli!"

Wakafunga mlango. Marjolaine aliandika maneno, Wislande akayatia uhai, na hapo vita vikachacha. Mara ya kwanza bibi yule, aliyepewa jina la Orsanna, alitoka nyumbani akaugombeza ukuta. Mara ya pili alimgombeza mchezaji vizuri kabisa, ila mchezaji alipopaa naye akapaa, akamfuata katikati ya nyota bila kofia ya hewa, aproni ikipepea, akisema "nakwambia wewe, nakwambia wewe" mpaka kwenye sayari nyingine. Wislande akacheka hadi akateleza kitini. "Muache hivyohivyo, nakusihi! Huyu ni mama yangu mzazi!" Lakini wakafungua fundo lile, na lililofuata, na kufikia jioni Bibi Orsanna alijua pa kusimama, alijua maharage yake yako wapi, na alijua nani ameyakanyaga. Réjean hawakumwambia lolote, maana angelihutubia.

Ikawadia Alhamisi. Kati ya wachezaji walioitwa alikuwemo Ginette Patenaude, muuza maua wa Verdun, mkono mmoja wa kufunga mashada ya harusi na mwingine wa kuteketeza majeshi. Mwanamke ambaye katika gemu yoyote hakusoma neno, hakusikiliza hadithi, alibofya kupita mazungumzo yote kama mtu apitaye wahubiri wa barabarani. Karibu naye aliketi Yvon, dereva wa basi mstaafu, mpole. Nyuma yao walisimama Réjean, mikono kifuani. Wislande, akitafuna kalamu. Na Marjolaine, kwa soksi zisizofanana.

Ginette akashuka kutoka mawinguni kwa kishindo. Akatua. Maharage yakasema *krrsh*. Mlango ukafunguka.

"Wewe!" akasema Bibi Orsanna. "Wewe mwenye debe! Dunia nzima hii tupu, mawe mpaka upeo wa macho, na wewe ukaona utue juu ya maharage yangu?"

Ginette akabofya kuruka maneno. Bibi akamsogelea.

"Usinigeuzie kisogo. Mwaka mzima nimeyamwagilia kwa maji ya kunywa."

"Ee, huyu bibi vipi?" akasema Ginette. Akachomoa bunduki, akamlenga bibi kati ya macho.

Réjean akavuta pumzi ya kuanzia hotuba. Marjolaine akafumba macho.

"Piga basi," akasema Bibi Orsanna. "Lakini kwanza sogeza chombo. Risasi haioteshi maharage."

Ginette Patenaude, Teketezo la Verdun, alibaki amelenga. Kisha shavu likamtetemeka. "Mama yangu we," akasema, "ana mdomo!" Akairudisha bunduki. Akapanda chomboni, akapaa kidogo, akatua pembeni.

"Umeziba njia ya kisima," akasema Bibi Orsanna.

"Haya, haya, nasogea, mbona unanipigia kelele!" Ginette akamjibu kwa sauti yake halisi, ya kinywani, mate yakiruka kwenye skrini. Akapaa tena, ulimi umemtoka kwa umakini, akakishusha chombo kwenye mwamba, polepole, kama mtu amlazaye mtoto.

"Hapo sawa. Umekula?"

Ginette akaangalia huku na huku, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeulizwa. "Sijala," akaiambia skrini. Akaingia ndani. Akaketi. Akanyweshwa supu isiyokuwepo, akasimuliwa jirani gani aliiba mbolea ya nani, wala hakubofya kuruka neno. Kisha akatoka akauliza mbegu zinapatikana wapi, akaenda sokoni, yule aliyekuwa hajui soko lina mlango, akanunua mbegu, akarudi, akapanda mstari uliopondeka. Réjean alitazama saa yake, akaitazama tena, akaiacha.

Hapo ndipo kilipoonekana angani chombo kingine. Ni Yvon, mpole wa watu, anashuka moja kwa moja kwenye uwanja wazi.

Ginette akaruka kitini. "Yvon! Wee Yvon! Usithubutu!"

"Nini? Nataka mafuta tu!"

"Hukuona maharage? Umevaa miwani ya nini? Tua kule kwenye mwamba! Na kisima usikizibe!"

"Huyu mama anafanya kazi hapa?" Yvon akauliza.

"Hapana," akajibu Wislande. "Anakaa hapa."

Yvon akasogea kwenye mwamba, akaomba radhi kwa watu wote wawili, wa kitini na wa kwenye skrini. Na Marjolaine, aliyekuwa amesimama na ngumi mdomoni, akageuka akalielekea dirisha, mabega yakimcheza, wala haikujulikana kama ni kicheko au kilio. Mimi nasema alivipata vyote viwili kwa pamoja.

Réjean Lachapelle akatafuta kiti cha kupanda, asipate, maana vyote vilikaliwa. Ikambidi aseme akiwa chini, kama binadamu wengine.

"Makazi yatabaki," akasema. "Marjolaine, tafadhali. Nenda ukawape wanakijiji wote kitu cha kuharibiwa."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na waliokuwepo waliipigia makofi kuliko zote.

Basi na ipigwe mbiu kutoka Verdun hadi nyota ya mwisho! Zimehesabiwa falme zilizoanguka na ngome zilizobomoka, lakini nani aliyeandika habari za chombo chenye mizinga ishirini, kilichoviteketeza vikosi, kikasogezwa hatua chache upande wa kushoto kwa amri ya ajuza aliyevaa aproni? Mimi nimeiandika. Siku ile jeshi halikurudi nyuma, wala mji haukutekwa, wala damu haikumwagika. Lakini maharage yalisimama.