Ombi la Kuiruka Namba 175

Kitura, Mbinga,
(kwa mkono wa Katekista),
8 Septemba 1996.

Mhariri,
Jarida la Ngurumo Sita,
Dar es Salaam.

YAH: NAMBA 175 ISICHAPWE, MRUKE MOJA KWA MOJA HADI 176

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka huku juu, ambako baridi ya asubuhi imenifanya niandike nikiwa nimevaa makoti mawili, moja langu na moja la mke wangu Aurelia. Mwandiko ukiyumba, ni mikono ya makoti, si hasira. Hasira ninazo, lakini nimezipanga kwa namba ili usipate taabu.

Mimi ni mkulima wa kahawa, umri wangu miaka arobaini na saba, na ni msomaji wako tangu namba 2. Katika namba 174 mmetangaza kwamba hadithi ya mashujaa wetu itaishia namba 175, na baada ya hapo wamiliki wapya wataanza upya na vijana wengine waliovaa miwani ya jua. Mkawaomba wasomaji watoe maoni kwa uhuru. Nami nimeutumia uhuru huo. Nimeteremsha sanduku la bati kutoka darini, nikasoma tena kila namba iliyomo, safari hii kwa jicho la mhakiki. Jicho lenyewe linasaidiwa na miwani yenye mkono mmoja. Mkono wa pili ni uzi. Niliyoyaona ni haya.

1. Hesabu ya mashujaa. Jarida linaitwa Ngurumo Sita. Nimewahesabu jalada kwa jalada, kwa punje za maharage, nao wametimia sita mara kumi na moja tu. Namba 46 wako saba, na huyo wa saba nadhani ni mchoraji mwenyewe. Tangu namba 90 wako watano, na jina halikubadilishwa. Sisi huku kwaya ikipungukiwa na mtu mmoja wa sauti ya nne tunatangaza kanisani.

2. Jabali, kiongozi wao, mwenye mwili wa jiwe. Huyu nilimpenda kupita kiasi. Nilitembea kama yeye, shingo haigeuki, mpaka Aurelia, wakati huo tukiwa wachumba, akawauliza ndugu zangu kama nina ugonjwa wa mifupa. Sasa nimehesabu kazi zake. Ametoa hotuba thelathini na moja. Ameinua mawe manne. Kazi zilizobaki, yaani kuwatoa watoto kwenye moto, kufunga vidonda na kutafuta funguo, amezifanya Bi Ukungu, yule shujaa asiyeonekana, ambaye kwenye majalada huchorwa nyuma kabisa, nusu bega. Nilimsomea Aurelia jambo hili kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu. Alikuwa anapepeta mahindi. Akasema, "Na uchawi wake ni upi? Haonekani kwa sababu hakuna anayemwangalia." Nikaenda kuwatazama mbuzi. Mbuzi walikuwa salama.

3. Mambo yanayotokea bila maelezo. Namba 118 Jabali anakufa. Anazikwa kurasa nne nzima. Nililia, nikasingizia moshi wa jikoni. Namba 120 huyo hapo, anahutubia! Namba 104 Bi Ukungu analia juu ya barua, hatuambiwi imetoka kwa nani. Namba 106 anacheka. Namba 136 mashujaa wanavuka daraja ambalo namba 134 halikuwepo. Ni mwandishi gani huyu anayeruka mambo kama mtoto anavyoruka madimbwi?

Hapa nikiri jambo dogo, lisije likasemwa na wengine. Namba nilizo nazo ni shufwa tu: 2, 4, 6 na kuendelea. Namba witiri ni zamu ya mdogo wangu Othmar. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kununua kila toleo kila mtu: yeye ananunua witiri, mimi shufwa, tunabadilishana. Tangu mwaka 1988 Othmar anaishi Liuli, kule ziwani, na hatubadilishani kitu, hata salamu. Lakini zamu ni zamu. Siwezi kununua namba ya mtu. Niliwahi kusimama mbele ya duka pale Mbinga mjini, namba 119 inaning'inia kwenye kamba, Jabali wangu yuko kaburini. Nikanunua kiberiti, nikarudi nyumbani. Hata hivyo, Ndugu Mhariri, mhakiki makini anaweza kuihukumu hadithi kwa nusu yake, kama mpishi anavyoonja kijiko kimoja tu.

4. Semina. Zamani mtu alipiga yowe na Ngurumo Sita wakatokea. Tangu mambo yawe ya soko huria, wanauliza kwanza kama kijiji kimeunda kamati. Namba 162 wako hotelini kwenye semina ya siku tatu wakati mto unapasua kingo zake. Namba 170, Nyundo, yule fundi chuma aliyewahi kukunja reli kwa meno, amesimama kwenye jalada ameshika kipande cha sabuni na kutabasamu. Huku kwetu wanunuzi wa kahawa nao wanakuja siku hizi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na kila mmoja anasema yeye ndiye mkombozi tuliyekuwa tukimsubiri. Wakombozi tunao. Nilikuwa nasoma jarida lako nipate kupumzika kutoka kwao.

5. Chakula. Jambo hili lilikuwa zito, nikalipeleka kwenye sengu. Kwa kuwa wewe ni mtu wa Dar es Salaam nikueleze: sengu ni pale ambapo sisi wanaume wa ukoo mmoja hukutana tukala pamoja, na mwenye shauri hulisema hapo hapo, mkono ukiwa kwenye ugali. Nililibeba sanduku mpaka huko. Baba mkubwa Erasmo, ambaye ndiye mkuu wa sengu yetu, alifunua kurasa kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hawa watu wanakula wapi?"

Tukatafuta. Wanaume tisa, ugali unapoa. Binamu yangu Florian akapaza sauti, "Huyu hapa ameshika chungwa!" Tukasogea wote kuangalia. Lilikuwa bomu.

Mzee Erasmo akatoa hukumu. "Basi msiwalaumu kwa kugombana. Miaka yote hiyo kazini bila kukaa kwenye sahani moja! Mimi ningekuwa nimeshampiga mtu jiwe." Halafu akaitazama nafasi iliyo upande wangu wa kushoto, ambayo huwa haikaliwi na mtu, akasema, "Ingawa sisi tunaokula nasi sijui tuna nafuu gani." Nikajifanya nina mfupa mdomoni. Siku hiyo mboga ilikuwa maharage.

6. Namba 88. Nilikusudia kuiruka hii, lakini mhakiki haruki. Kama unavyokumbuka, shujaa Upepo, yule mwenye mbio, amewekwa kulinda lango la bwawa. Anaondoka. Lango linavunjika, mashamba yanazama. Jabali anamfukuza mbele ya kikosi kizima, kwa hotuba ya kurasa mbili.

Nilikwenda mjini kuinunua namba hiyo mwenyewe, Jumamosi moja ya Novemba 1988. Nyumbani kahawa yetu ya mwisho wa msimu ilikuwa juu ya vichanja inakauka, nami nilimwacha Othmar ailinde. Mvua ikanyesha. Nilirudi polepole, kwa sababu nilikuwa natembea huku nasoma chini ya mwavuli, nikakuta kahawa imelowa chapachapa na Othmar hayupo. Jioni, kwenye sengu, nilisimama na jarida mkononi nikamsomea mdogo wangu hotuba ya Jabali kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila palipoandikwa Upepo mimi nikasema Othmar. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nasoma vizuri, hilo ndilo tatizo langu. Alfajiri yake Othmar alikuwa ameshaondoka, na namba zake zote witiri kwenye mfuko wa mbolea ya salfeti.

Cha ajabu, mvua hiyo hiyo haikuigusa kahawa ya shangazi yetu Kunigunda, mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya bonde. Alikuwa amekwenda parokiani kuungama. Aliporudi aliikuta imefunikwa turubai, na kila pembe imewekewa jiwe. Jioni ile ile alitangaza kwamba ni Mtakatifu Antoni, akatoa jogoo, na kwaya tukaimba. Amekwisha kufariki, Mungu amweke pema. Nalitaja hili ili uone tofauti: nyumba moja ina mtakatifu, nyumba nyingine ina Othmar.

Sasa nije kwenye lawama yangu. Nimeisoma tena namba 88 mara sita. Kuna picha kumi na mbili za Jabali akifoka. Hakuna hata moja ambayo anauliza, "Ulikuwa wapi?" Maneno mawili tu, Ndugu Mhariri. Yangetosha hata pembeni, karibu na sikio lake. Hili ni kosa kubwa la uandishi, na wako wasomaji waliofuata mfano huo wakiamini wameongozwa vizuri. Nailaumu ofisi yako.

7. Ombi lenyewe. Umeshaona shida. Namba 175 ni witiri. Mwisho wa hadithi hii, baada ya miaka yote hii, umeangukia zamu ya Othmar. Yeye atajua kama Upepo alirudi au hakurudi, nami nitabaki na Nyundo na sabuni yake. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Namba 175 irukwe. Baada ya 174 ije 176, na hadithi iishie humo. Wenye hoteli huruka namba za vyumba na hakuna mgeni aliyeandamana.

(b) Kama mitambo yenu haiwezi kuruka, basi muiite 174 ya pili.

(c) Upepo arudishwe. Sitaki vita wala radi siku hiyo. Wakae chini wale, ugali na samaki, na kwenye picha moja tu Jabali aulize yale maneno mawili.

(d) Upepo achorwe uso, si mgongo. Miaka minane ni mingi na ana haki ya kuwa na mvi. Ningependa kuona amekuwaje.

Wasalimie mchoraji, wapiga chapa, mlinzi wa getini na yeyote anayewachemshia chai. Mzee Erasmo anawasalimu na anasema mle. Aurelia hana salamu kwa Jabali. Anamsalimu Bi Ukungu.

Ni mimi, nusu ya wasomaji wako wa nyumba moja,

Mansuetus Ndimbo

N.B. Usishangae kalamu kubadilika, wala harufu. Barua hii ilipaswa kukufikia wiki mbili zilizopita. Nilimkabidhi Aurelia aipeleke posta, naye kwa kuwa alishaisoma aliipakia kwenye lori la usipa, wale dagaa wa ziwani, lililokuwa linateremka Liuli. Juzi mchana mtu akaingia uani na ndoo kichwani na barua yangu mkononi. Ana mvi. Akasema, "Shikamoo, kaka. Nani amekwambia mhariri anakaa Liuli?" Marahaba yangu ilitoka kikohozi.

Ndani ya ndoo mlikuwa na namba witiri zote, zinanuka usipa kuanzia jalada hadi jalada. Nalazimika kuyafuta malalamiko yangu. Namba 119: waliyemzika ilikuwa sanamu. Namba 105: barua ya Bi Ukungu ilitoka kwa Upepo, na habari zilikuwa njema. Namba 135: walijenga daraja, mchana kutwa, hatua kwa hatua. Namba 97 wanakula, kurasa mbili. Mzee Erasmo ameichukua na hataki kuirudisha. Othmar naye ana malalamiko yake kwako. Anasema kwenye hadithi hii Jabali anatoka kaburini na hakuna aliyeeleza aliingia lini.

Halafu kuna namba 89. Upepo aliliacha lango kwa sababu chini ya bonde walikuwepo wazee wasio na mtu. Aliwakimbilia kwanza hao, akidhani atawahi kurudi. Niliisoma, nikaifunga. Nikamwuliza mdogo wangu, nikiwa nimechelewa miaka minane, "Ulikuwa wapi siku ile?"

"Kwa shangazi," akasema. "Turubai lilikuwa moja. Nilidhani nitawahi na kwetu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasoma, kaka. Na shangazi alikuwa ameshampa Mtakatifu Antoni jogoo. Ningemnyang'anya vipi?"

Jana usiku kwenye sengu nafasi ya kushoto kwangu ilikaliwa. Othmar alitaka kuondoka leo na lori la asubuhi. Nimemwambia namba 89 sijaielewa vizuri, abaki anifafanulie taratibu. Mpaka sasa tuko ukurasa wa tatu, nami naendelea kutoelewa kwa bidii.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, namba 175 ichapwe kama mlivyopanga. Ni zamu yake kununua. Nakala moja itatutosha.