Ruhusa ya Kumzalisha Idman

Jumatatu, 12 Mei 2025
Wiki yangu ya mwisho wodi ya uzazi, na bado sijazalisha hata mama mmoja! Ijumaa ikifika hivi hivi, narudia mafunzo yote, na nyumbani Mandera wameshaanza kuniita daktari. Akina mama wakiona ndevu zangu wanavuta shuka hadi puani. Ruweyda, mwanafunzi mwenzangu, anaitwa kila kitanda. Hanizidi kitu. Ni mwanamke tu. Siwalaumu akina mama, maana hata dada yangu angenifukuza. Lakini inauma.

Jumanne, 13 Mei
Njia imepatikana. Amelazwa mama mpya, Idman, mimba ya kwanza, siku zake zimetimia. Huku kwetu, ukitaka ridhaa ya mke wa mtu, anza na mama mkwe. Nimemfuata wa Idman, ambaye kwa heshima namwita Eeddo Hawo, kivulini nje ya wodi na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Nikamsifia mwanawe, mbuzi wake, hata hina yake. Chai kaimaliza yote. Kisha akasema, “Wewe iko na adabu. Lakini hiyo maneno ni ya bwana yake.”

Jumatano, 14 Mei
Siyad, mume wa Idman, nimempata soko la mifugo. Nimesimama juani kati ya ng'ombe na koti langu jeupe. Si jeupe tena. Amenisikiliza vizuri sana, akasema yeye hana neno, ila haamui bila ami yake Olow, aliyeko Eldas. Nimepiga simu mchana kutwa. Mtandao wa Eldas unakuja na kwenda upendavyo. Jioni Ruweyda akaniuliza kama leo nimemwona Idman mwenyewe. Nikamjibu kwamba nina kazi. Wivu huo!

Alhamisi, 15 Mei
Adeer Olow amekubali! Na dua juu yake. Nikakimbia wodini, nikakuta uchungu umeshaanza. Nikanawa, nikavaa glavu, nikamtangazia Idman kwamba mama mkwe, mume na ami wote wameridhia nimzalishe. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

“Nyinyi wote mnaongea mambo yangu,” akasema polepole. “Mimi hakuna mtu ameniuliza.”

Kisha akamgeukia Ruweyda, akamweleza kwamba kichwa kinampasuka tangu asubuhi na macho yanaona vimulimuli. Ruweyda akampima presha. Ilikuwa juu mno. Sista Nimco, mkuu wa wodi, akaja mbio na dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Mimi nikasukumwa hadi ukutani na glavu zangu safi. Niliogopa, na naogopa hata sasa ninapoandika. Kichwa kile kilikuwa kikiuma wakati mimi nambembeleza mzee wa Eldas kwenye simu.

Mtoto ni wa kike, kalia vizuri. Mama yu salama, alhamdulillahi. Ruweyda ndiye aliyempokea, kwa sababu Idman ndiye aliyemtaka. Baadaye Sista Nimco akaniita pembeni. Hakufoka. Afadhali angefoka.

“Shuaib, mgonjwa wako alikuwa nani?”

Nilitazama viatu vyangu.

Ijumaa, 16 Mei
Nimefeli. Sista amesema naanza upya Jumatatu. Baada ya swala nimekaa peke yangu, nikalitafakari jambo hili kwa moyo mweupe, bila kujitetea. Na kosa langu nimeliona. Ni kubwa, na limenitia aibu: nilipitia watu wasiofaa. Siyad hana kauli, na ami yuko mbali mno.

Leo ameletwa mama mwingine, kutoka Sangailu. Ruweyda ameenda moja kwa moja kitandani, kavuta kiti, anamsikiliza. Muda wote huo anaupoteza! Mimi nimeulizia jamaa kwanza. Kaka yake mkubwa yuko getini, na inasemekana neno lake halipingwi na mtu. Naenda kwake sasa hivi. Mama mwenyewe anaitwa nani, nitauliza baadaye.