Povu Avamiwa Vidoleni

Enyi mliovaa viatu nanyi mtembeao peku, sogeeni, tegeni masikio! Nawasimulia habari za Povu, muosha magari, simba wa ndoo, jemadari wa sponji, ambaye hakuna tope lililowahi kusimama mbele yake, hadi alipovamiwa na adui aliyepiga kambi kati ya vidole vyake viwili vya mwisho.

Adui huyo ni fangasi. Alijificha ndani ya buti za mpira zilizoshinda na maji kutwa nzima, akaibabua ngozi ikawa nyeupe na kumenyeka, akawasha muwasho uliomfanya shujaa ajikune kwa brashi ya matairi. Na harufu yake ilifika nyumbani kabla ya Povu mwenyewe.

Mkewe akasimama mlangoni mwa chumba kama mlinzi wa ngome. "Mume wangu, nakupenda. Ila miguu hiyo haipandi kitandani. Kochi lile pale."

Uhamishoni, Povu alimshambulia adui kwa sabuni ya magari, akajichubua zaidi. Ndipo akachechemea mpaka duka la dawa.

"Kaka, huo ni mguu, si gari," muuzaji akamwambia. "Osha, kausha vizuri mpaka katikati ya vidole, ndipo upake krimu hii, asubuhi na jioni. Na ukiacha kuwashwa, usiache kupaka. Wengi huachia hapo, naye hurudi."

"Hatarudi!" Povu akanguruma, ameinua tyubu juu kama upanga.

Muwasho ulipotulia akatangaza ushindi, akaitupa silaha kabatini, akavaa soksi mbichi za jana. Adui akarejea na majeshi mapya, akateka kidole cha tatu. Kisha jambo zito likatokea: mkewe naye akaanza kujikuna.

"Umejifutia taulo langu?"

Povu, aliyezoea kufokea malori, akaitazama miguu yake mwenyewe. "Nilijifutia," akasema. "Nisamehe, mama."

Siku ile ndipo alipokuwa shujaa kweli. Akamnunulia mkewe tyubu yake, akatenga mataulo, akaanika buti juani zikiwa zimepinduliwa, akabadilisha soksi kila zilipolowa, hata wenzake wakamwita bibi harusi. Jioni walikaa wote wawili kochini, kila mtu na mguu wake, wakipaka. Waliendelea kupaka hata miguu ilipoacha kuwasha, na hivyo, wasikilizaji wangu, ndivyo vita vigumu kuliko vyote, kwa maana hakuna anayekushangilia.

Asubuhi moja mkewe akamkalisha dirishani. "Tanua vidole." Akachungulia, akanusa, akachungulia tena. "Umepona."

"Na wewe?"

"Na mimi pia. Ila taulo langu bado ni langu."

Basi na iandikwe katika tarikhi za mataifa, wajukuu wasome wakisimama: siku hiyo, kabla ya chai, mtu mmoja alirudishiwa mto wake kitandani.