Sina Wiki

Jumatatu, 3 Juni
Shule kwaheri. Juzi nilitimiza miaka kumi na minane. Keki mbili, bila shaka, moja kila nyumba. Halafu Lurleen, mdogo wangu wa miaka kumi, akaniambia huku akilamba kijiko kwamba mimi simo tena. Wazazi wakiachana, jaji wa hapa Kentucky hugawa watoto tu: wiki kwa mama, wiki kwa baba. Mimi mtu mzima. Sina wiki! Hakuna aliyesema nitalala wapi kuanzia Jumapili. Kuuliza siwezi. Nikiuliza wakanyamaza, je?

Jumatano, 5 Juni
Njia nimeipata. Kinachogombewa ndicho kinachopendwa. Nikamwambia mama kwamba baba ananibembeleza nihamie kwake moja kwa moja. Nikangoja alie. Akanibusu, akasema haki ni haki, niende tu. Miaka yote ile ya kwenda kwa mpatanishi wa talaka imemharibu.

Ijumaa, 7 Juni
Nikampigia baba. Nikasema mama ananing'ang'ania. Nikamsikia akizima redio. Matumaini! Kisha akasema, "Sawa, binti yangu, kaa kwake. Mama yako asije akasema nakuvuta." Nimekataliwa kwa adabu na nyumba zote mbili.

Jumapili, 9 Juni
Kituo cha mafuta nje ya Bardstown, wazazi wanapokabidhiana watoto kila Jumapili. Lurleen akahamia gari la baba. Mimi nikajificha chooni nisionekane nimechagua. Kutoka, magari hayapo. Kila mmoja alidhani niko kwa mwenzake! Simu ninayo, ila nimpigie nani kwanza? Wa pili ataumia. Nikakaa juu ya begi juani.

Lurleen ndiye aliyeuliza nilipo. Wakarudi wote wawili, mbio. Wakalinganisha uongo wangu palepale kwenye pampu.

Mama akaniuliza, "Corinna, mwanangu, wewe unataka kukaa wapi?"

Nikasema popote ni sawa.

"Sema basi, dada," akasema Lurleen. "Tunaungua."

Nikaokota begi, nikasimama katikati ya magari mawili.

Jumatatu, 10 Juni
Wamenihakikishia: kitanda changu kipo huku na kipo kule, nije nitakavyo, nisiwazungushe tena. Nimeahidi. Nimelia kwa furaha.

Lakini kama ni huruma tu? Watu hukuhurumia leo, kesho wakakuchoka. Lazima nihakikishe. Jioni nitawaambia wote wawili kwamba shangazi Verna wa Ohio ananililia nikaishi naye. Safari hii lazima mmoja akatae nisiende.