Kitenzi cha Kifaransa na Maji ya Kintinku

Itangazwe na ijulikane: kuanzia Jumatatu, hakuna ng'ombe wa Kintinku atakayekunywa maji ya tangi la stesheni mpaka mwenye ng'ombe atamke kitenzi cha Kifaransa, silabi kwa silabi, bila kuteleza. Amri ilimhusu kila ahitajiye maji, pasipo kujali kabila, dini wala cheo.

Sababu ilikuwa nzito. Mkubwa mmoja wa Kibelgiji angepita kwa treni akielekea Kigoma, na Bwana Shauri, mzungu mtawala wa wilaya, alitaka mgeni akute ustaarabu umeshafika. Karani Antipasi, mshika ufunguo wa tangi, akapandishwa kuwa Mkaguzi wa Silabi. Hakuona ajabu yoyote. Kiu ya mifugo ilikuwa suala la hali ya hewa, na hali ya hewa haikuwa idara yake.

Alifundisha kwa kinu. Wanawake watatu, michi mitatu, kila mmoja na silabi yake: nu! par! lon! yaani, tunasema. Mtama ukalainika, Kifaransa nacho kikalainika. Taabu ilikuja kwenye "il parl", yaani anasema, silabi mbili tu, ambapo mchi wa tatu ulitakiwa kubaki juu.

"Karani," Dorkas, mwenye mchi wa tatu, akauliza, mikono ikimuuma, "hizi herufi za mwisho umeziandika ubaoni, mbona hazisemwi?"

"Zipo kazini, ila hazina kazi."

"Ahaa. Kama jumbe wetu."

Mjane Magdalena alishindwa kabisa. Ng'ombe wake wa pekee, mwenye ndama, alikuwa amelala karibu na bomba, hainuki.

"Shikamoo, mama," Antipasi akamwamkia kwa adabu zote.

"Marahaba. Fungua maji, mwanangu. Huyu akifa, wajukuu zangu watakunywa nini?"

"Tamka kwanza, mama."

Akajaribu, akaishia kulia. Moyo ulimuuma Antipasi, lakini moyo nao haukuwa idara yake.

Treni ikafika. Michi ikalia. Mgeni akashuka, akapiga makofi, akamgeukia Bwana Shauri na kummwagia Kifaransa kirefu. Bwana Shauri akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, jasho likamtoka. Akaona heri akimbilie kuchota maji ya kutia kwenye motokaa yake, iliyokuwa ikifuka mvuke. Akanyakua debe mwenyewe.

Antipasi akasimama mbele ya bomba. Hakuwa na ubishi; alikuwa na amri.

"Tamka kwanza, bwana."

"Nu..." Mgeni akasogea asikie vizuri. Wanawake wakainua michi kumsaidia. "Nu... nu..."

"Sheria ni msumeno," Mzee Mazengo, aliyekuwa akingoja na ng'ombe wake, akasema taratibu.

"Amri imefutwa!" Bwana Shauri akafoka.

"Imefutwa," Antipasi akatangaza, na kufuli likafunguka upesi kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanyia serikali. "Basi tunarudi kwenye utaratibu wa kisimani. Aliyetangulia kufika hunywesha kwanza."

Magdalena akamsogezea ng'ombe wake karai. Ng'ombe akanywa bila haraka. Nyuma yake mifugo ya Kintinku ikajipanga, na nyuma ya ng'ombe wa mwisho, debe mkononi, akasimama Bwana Shauri, mgeni akimwongelesha Kifaransa.