Daktari wa Mbwa wa Maegeshoni

Börje Flodkvist aliweza kumtambua Mnorwe aliyesahau dawa ya minyoo akiwa magari thelathini mbali. Mnorwe wa namna hiyo hutoka kwenye duka la Uswidi, ambako bei ni nafuu, na toroli limefura nyama na peremende, anafika kwenye gari, anamwona mbwa wake kabandika pua kwenye kioo, halafu anaganda kama mtu aliyekumbuka kwamba pasi ameiacha ikiwaka nyumbani. Mbwa anayetoka Uswidi kuingia Norwe sharti ameze dawa mbele ya daktari, muhuri upigwe kwenye pasipoti yake ya mbwa, na saa ishirini na nne zipite kabla hajavuka mpaka. Na hapo nyama inayeyuka, mke ananuna, na nyumbani ni mwendo wa saa moja tu. Ndipo Börje, ndani ya koti lake la kijani, hujitokeza akikohoa kwa heshima.

Koti alilinunua mnadani. Muhuri aliuchonga mwenyewe kutoka kwenye kisigino cha buti la mpira, ukiwa na jina la daktari wa mifugo ambaye mama yake bado hajamzaa. Kidonge kilikuwa peremende ya mnanaa. Mbwa hawakulalamika hata mmoja, na wengi walirudi kwao wakinukia mdomo kuliko wenye mbwa.

Lakini hata ulaghai una amri zake, na Börje alikuwa na moja: havuki mpaka. Ng'ambo kule, maofisa wa forodha walikuwa wameubandika muhuri wake ukutani, nakala arobaini na tatu, na kwa miaka miwili walikuwa wakimngoja mwenyewe kama watu wanaongoja posa. Maadamu yuko Uswidi, waliishia kung'ata kucha. Akikanyaga Norwe na ule muhuri mfukoni, ni jela, na riziki ndiyo basi tena.

Jumamosi moja ya Desemba akamwona bibi mmoja amesimama nyuma ya gari bovu, anafuta machozi kwa glavu. Toroli lake lilikuwa na paketi moja ya kahawa, basi. Ndani ya gari alikaa mbwa wa kijivu, mnene kama pipa, akiwatazama wapita njia kana kwamba hawajatoa sadaka.

"Mama, kulikoni?"

"Ni huyu, mwanangu. Prosten. Leo jioni kwaya yetu ina karamu ya Krismasi, watu sitini, na mpishi ni mimi, Gudveig. Nimekuja naye, nimesahau dawa yake! Nitalala wapi? Nani atapika?"

"Nyamaza mama, Mungu hajakutupa. Mimi ni daktari wa mifugo."

"Daktari! Sasa mbona unakaa maegeshoni?"

"Wagonjwa ndiko waliko, mama."

Prosten alipewa peremende, akaitema. Akapewa nyingine ndani ya soseji, akameza soseji, peremende akaitema kwenye kiatu cha daktari. Börje akatangaza kwamba tiba imekubali. Akafungua pasipoti ya mbwa, akatoa muhuri.

"Hapa, daktari," bibi akamwonyesha kwa kidole. "Ukurasa huu safi. Usihangaike na wa nyuma, umechafuka."

Muhuri ukapigwa, tarehe ya Alhamisi, siku mbili nyuma. Krona mia tano zikaingia kwenye koti. Börje alikuwa ameshageuka aende zake aliposikia kilio kimeanza upya.

"Sasa tena nini?"

"Nani atamvusha? Mimi uso wangu hauna pazia, daktari. Ofisa akiniuliza jina langu tu, naungama mpaka dhambi za utotoni. Ingekuwa wewe! Una koti, una kauli. Nani atamsumbua daktari?"

"Mimi sivuki, mama. Kazi nyingi."

"Elfu nne. Nakupa ng'ambo, kwenye ukumbi wa kanisa. Kuna njia ya msituni, haina mtu, hata kunguru hapiti. Wewe pita huko saa nane kamili. Mimi nitapita njia kuu, nisije nikakuharibia kwa machozi."

Börje akakuna kidevu. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwita daktari bila kwanza kumtazama viatu. Na elfu nne ni mbwa wanane, kwa safari moja, umekaa kwenye gari lenye joto. Tamaa ikamnong'oneza kwamba amri yenyewe ni moja tu. Zingekuwa kumi, hapo sawa, mtu angeziheshimu. Muhuri alibaki nao mfukoni. Nani huacha jembe shambani wakati wa mavuno?

Saa nane kamili alikuwa msituni, Prosten kakaa kiti cha mbele kama tajiri na dereva wake. Theluji ilifunika miti pande zote mbili. Wakapita jiwe la mpaka, wakapinda kona, na hapo kwenye kona, mbele ya kibanda kidogo chenye bomba la moshi, walisimama maofisa wawili wa forodha: kijana mrefu wa sharubu, Oddvar, na bosi wake, Solfrid.

"Habari za safari," alisema Solfrid. "Mbwa wako?"

"Wa shangazi yangu."

"Pasipoti?"

Akaifungua. "Oddvar, hebu njoo."

Oddvar akatazama ule muhuri, kisha akavua kofia. "Ni wenyewe?"

"Wa arobaini na nne," alisema Solfrid kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani. "Na wino haujakauka. Bwana, toa vilivyomo mfukoni."

Muhuri ukatoka. Prosten naye, alipoona watu wana shughuli, akaruka chini na kujilaza katikati ya barabara, akikataa kata kata kuinuka. Oddvar akamvuta kola kwa mikono miwili. Solfrid akapiga magoti kwenye theluji na chombo cha kusomea chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, anamsaka shingoni, naye mbwa anageuka huku na huku akidhani anakunwa.

Ndipo magari yakatokea kwenye kona.

Yalikuwa saba, yamefuatana, na kila moja limekaa chini nyuma kiasi kwamba bomba la moshi lilichora mfereji kwenye theluji. Kwenye lile la kwanza alikuwa bibi Gudveig, macho makavu kabisa. Alimpungia Börje vidole viwili, kama malkia anavyowapungia raia.

"Piteni pembeni, piteni!" alipaza sauti Solfrid bila kuinua kichwa. "Hapa tuna kazi!"

"Hebu mwone yule kwenye gari la nne!" Oddvar akacheka, akipunga mkono. "Yaani mama yangu huyo! Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Kila wiki lazima aniulize zamu yangu ni lini na iko wapi, eti nisije nikapata baridi."

Aliyehisi baridi ni Börje. Nyama inayoruhusiwa kuvuka ni kilo kumi kwa kila mtu, hiyo ndiyo sheria. Pale mbele yake zilipita mbavu za nguruwe za kulisha parokia nzima mpaka Pasaka.

"Wale!" alifoka. "Wale mabibi wana nyama! Wakamateni!"

"Tulia, daktari," alisema Solfrid. "Usisingizie wanakwaya."

Wakamweka kibandani, karibu na jiko la kuni, wangoje polisi wa mjini ambao theluji iliwakawiza. Solfrid akafunua ukurasa wa nyuma wa pasipoti. "Angalia hapa, Oddvar. Mbwa alipewa dawa Alhamisi na daktari wa kweli. Nimempigia simu, amethibitisha. Mbwa ni halali tangu mwanzo."

Börje akainamisha kichwa. Alikuwa ameghushi kitu ambacho tayari kipo, na kulipia mwenyewe petroli.

Saa kumi na mbili jioni mlango ukagongwa. Akaingia bibi Gudveig na beseni lililofunikwa kitambaa, na kibanda kizima kikajaa harufu ya kitimoto, mbavu za nguruwe zilizochomwa kwa ustadi, ngozi imekauka inapasuka, viazi na kabichi chachu pembeni.

"Nimemfuata Prosten wangu," alisema. "Na ninyi maskini mko kazini watu wanakula. Kwaya imewakumbuka. Hata wewe, mwanangu. Dada yangu, uliyemtibia mbwa wake Pasaka iliyopita, anakusalimu. Anasema mnanaa wako ulikuwa mtamu."

Maofisa hawakungoja sala. Börje aliisukuma sahani yake, akasimama.

"Muulizeni nyama hii kaitoa wapi! Muulizeni! Kilo mia tatu zimepita mbele ya pua zenu, mmepiga magoti mnakuna mbwa!"

Bibi Gudveig alikunja kitambaa chake polepole, pembe kwa pembe. Kipande cha ubavu mkononi mwa Oddvar kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Akamtazama bosi wake. Bosi wake, ambaye alikuwa amebakiwa na mfupa mtupu, akautazama ule mfupa, akautazama muhuri juu ya meza, akamtazama Börje. Kisha akainama, akampa Prosten mfupa, na kusubiri mpaka mbwa alipoutafuna wote.

"Nyama gani?" aliuliza.