Mbeba Taa na Daraja la Mkuu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku mbaya. Na ilianza vizuri!

Wakati wa chai Mkuu wa idara aliingia chumba chetu, kikombe mkononi, akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Akatusimulia ujana wake. Kulikuwa na ukumbi wa michezo karibu na kwao, na ndani yake mashine moja ya kutia sarafu, mchezo unaitwa Mbeba Taa. Kijana anabeba taa kupitia shimo, msitu na daraja hadi juu ya mnara. Popo akikugusa, taa inazimika. Unaanza upya, shimoni. Mkuu alisema nauli yake yote ya shule iliishia humo na daraja hakulivuka hata mara moja. Mpaka leo analiota.

Kalamu Mbili, karani mwenzangu (huzichomeka mfukoni zote mbili, ya bluu na nyeusi), akasema yeye michezo hiyo haijui kabisa. Akaendelea kunywa chai.

Mimi na yeye tuko katika kipindi cha majaribio. Wiki ijayo Mkuu anaamua nani athibitishwe kazini na nani aage. Nikaona nafasi. Nikasikia sauti inasema daraja hilo mimi nimelivuka. Sauti ilikuwa yangu.

Mkuu akaweka kikombe chini. Akauliza wapi. Nikasema nyumbani, kwenye mashine ya mjomba, ile ya kuunganisha na televisheni.

Kweli mjomba alikuwa nayo. Nilicheza mara moja. Popo alizima taa kabla sijajua yupi ni mimi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimejipalia makaa.

Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango. Nilidhani unga umemwagika. La! Ndugu yake amemtumia mashine ya nyumbani pamoja na kaseti ya Mbeba Taa. Iko sandukuni bado. Anaogopa kucheza peke yake. Nifike Jumamosi asubuhi nimwoneshe njia ya kuvuka. Alisema "nioneshe" kwa sauti ndogo, mtu mzima yule. Nikasema bila shaka, Mkuu.

Kalamu Mbili alikuwa nje anapanga mafaili. Akaniuliza, bingwa, taa ina mafuta? Nikampita. Wivu tu.

Jioni nikaenda kwa fundi wa televisheni. Ana mashine kama hiyo juu ya kabati, na kaseti yenyewe ipo. Hakukubali kuniazima bila rehani. Nimemwachia redio ya shangazi. Shangazi alipoiulizia nimesema imekwenda kusafishwa. Hilo si uongo mkubwa. Kwa fundi kuna vumbi jingi, lakini ana brashi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimecheza tangu nilipotoka kazini hadi shangazi alipotaka televisheni yake.

Shimo. Popo. Shimo. Popo. Mbeba Taa mwenyewe ni kama kiberiti chenye miguu. Muziki ni mbu ndani ya chupa. Kitufe cha kuruka kinachelewa, kwa hiyo unabonyeza kabla hujaliona shimo, kwa imani. Popo anatoka mbele. Ukimzoea wa mbele, anatoka wa nyuma. Dole gumba limevimba.

Nilikwenda kulalamika kwa fundi. Akasema ile mashine ya ukumbini ilitengenezwa imeze sarafu, ndiyo maana mtu hakuruhusiwa kuishi. Walipoutoa mchezo kwa ajili ya nyumbani, sarafu ziliondoka, popo wakabaki. Kwa mazoea tu. Nikamwambia hata ofisini kwetu tunao wa namna hiyo. Hakucheka. Akauliza kama pedi yake, ile ya vitufe vya kuchezea, ni nzima.

Pedi ni nzima.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Pedi si nzima. Nimeikalia. Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimefika katikati ya msitu, kwa mara ya kwanza, nikaruka juu kwa furaha, na nilipotua, nilitua juu ya pedi.

Shangazi alikuwa pembeni anakunja nguo. Akauliza huyo mdogo anakimbilia nini kwani, mbona hapumziki. Akasema na mimi naonekana nimechoka, niende nikaoge.

Nikampelekea fundi pedi. Amekasirika, redio anabaki nayo. Huku anaifungua, nikamuuliza kwa ujanja, kana kwamba nafahamu tayari, kuhusu lile daraja baada ya msitu.

Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Daraja gani? Kwenye kaseti daraja halimo! Kaseti ilikuwa ndogo, haikutosha, wakalikata. Ukitoka msituni kioo kinakuwa cheusi kidogo, kisha unajikuta mnarani. Daraja ni la ukumbini peke yake. Akasema anayedai kulivuka nyumbani ama alikuwa na homa, ama ni mwongo wa kutupwa.

Nikacheka naye. Kijasho chembamba kilinitoka hadi kwenye soksi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeamua kumwambia Mkuu ukweli. Nimeandaa maneno tangu alfajiri: heshima kwanza, kisha kumbukumbu ya utotoni ambayo huenda ilichanganyika, kisha samahani.

Nikafika mlangoni kwake. Ulikuwa wazi kidogo. Mkuu ameketi mbele ya mafaili, macho amefumba, vidole gumba viwili vinabonyeza hewa. Kushoto, kushoto, ruka. Midomo inatamka popo. Alikuwa anatabasamu.

Nikarudi mezani pangu. Nina mpango bora zaidi. Nimelifunga dole gumba bendeji. Asiye na dole gumba hachezi! Nitaketi kando na kuelekeza kwa mdomo. Mkuu atafia shimoni kama watu wote, msituni hatutafika, na daraja halitatajwa mpaka astaafu.

Kalamu Mbili akauliza nimeng'atwa na faili? Kisha akaniletea maji ya moto na chumvi. Sijui anataka nini.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimefika kwa Mkuu nikamkuta amevaa nguo za mazoezi. Viti vimesogezwa ukutani. Mama mkwe wake kwenye kona, anashona kifungo. Mkuu alisikitikia dole langu kwa dhati, akasema basi niwe macho yake.

Nikawa macho yake. Shimo la kwanza, akaruka. Popo, akainama. Popo wa nyuma, akainama kabla sijasema! Mungu wangu. Mtu huyu amekuwa akicheza kichwani mwake miaka yote. Nikajaribu kumwelekeza vibaya kidogo, nikasema kulia, akaenda kushoto, akanishukuru kwa kumpima.

Tukaingia msituni. Tukapita nilipokalia pedi. Mkuu anapumua kwa mdomo. Mti wa mwisho. Akanong'ona, kijana, linakuja, niambie nifanyeje. Nikasema tulia, Mkuu.

Kioo kikawa cheusi. Kikarudi. Mnara.

Mkuu akasimamisha mchezo. Akanigeukia taratibu. Akauliza daraja liko wapi.

Nimesoma mpaka chuo. Nilipata alama nzuri za mantiki. Nikasema:

"Umeshalivuka, Mkuu."

Macho yalimtoka. Nikaeleza, na nilikuwa nasikiliza mwenyewe nijue naendeleaje. Kwamba katika toleo la nyumbani daraja linavukwa gizani. Kwamba hapo kioo kinapokuwa cheusi, mwenye papara hutetereka, akaanguka. Yeye hakutetereka.

Mama mkwe akasema yeye hakuona daraja, kitu kimezimika kikawaka. Mkuu akamjibu kwa heshima, Mama, haya yana wenyewe. Akavua miwani, akaifuta kwa fulana, akaifuta tena. Akasema anatamani baba yake angekuwepo aone.

Hapo nilikaribia kusema. Kabisa. Mdomo ulishafunguka. Kisha akasema Jumatatu nipite ofisini kwake, na mdomo ukajifunga.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

NIMETHIBITISHWA!

Na Kalamu Mbili pia. Nafasi zilikuwa mbili, kumbe. Mkuu aliamua yote mwezi uliopita, kwa kuangalia kazi zetu, hakuona haja ya kutuambia mapema. Kumhusu Kalamu Mbili alisema amependa jinsi anavyosema "sijui" bila kona. Watu wa hivyo ni adimu.

Namhurumia mwenzangu. Kwa ukosefu huo wa bidii hatafika mbali.

Nimelala mchana mzima, kichwa juu ya faili. Nimechoka mno hata kufurahi.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Asubuhi lori limesimama mlangoni. Wapagazi wakashusha sanduku refu lililofunikwa turubai. Mkuu akalifunua mwenyewe, kama anafungua zawadi. Mashine ya ukumbini! Ile ile! Mwenye ukumbi alikuwa ameihifadhi stoo. Itakaa chumba cha chai. Mkuu akawatangazia wote kwamba hapa daraja halivukwi gizani, linaonekana, na bingwa wetu atatuonesha leo leo, maana dole limepona. Nilikuwa nimesahau bendeji nyumbani.

Nikatafuta mlango kwa macho. Kalamu Mbili akanisogezea kiti.

Mkuu akachomeka waya. Kimya. Akapiga ubavu. Kimya. Haiwaki! Imekufa kabisa! Kwa mara ya kwanza wiki hizi mbili nilivuta pumzi yote hadi tumboni. Nimeokoka bila kufanya lolote. Nilichotakiwa ni kunywa chai yangu, kimya, kama mtu mwenye akili.

Uso ulimshuka Mkuu. Akauliza kwa unyonge kama yupo humu anayejua kutengeneza vitu hivi. Kalamu Mbili akasema hajui. Wote wakatazama chini.

Nikasikia sauti inasema inajua. Tangu utotoni, Mkuu.

Naanza kesho. Nimerudi nyumbani nikapekua jikoni kutafuta bisibisi, sijaiona, nimechukua kisu cha mkate. Shangazi akauliza ni cha nini. Nikasema nimekuwa fundi wa kazini.

Akapiga makofi. Akasema kumbe! Basi niende nikaichukue redio yake huko ilikokwama siku zote hizi, kama haijakamilika nimalizie mwenyewe, aisikilize leo leo.

Nikamwambia hilo ni jambo dogo sana.